Kanali Anarudi Darasani Kutafuta Nini?

Kila Chuo cha Taifa cha Ulinzi, pale Kunduchi, kinapopokea washiriki wapya, swali hurudi: kanali aliyepata uafisa Monduli, akasomea ukamanda na unadhimu (upangaji wa shughuli za jeshi) Duluti, akaongoza kikosi, anakalishwa tena darasani karibu mwaka mzima kwa lipi?

Wanaouliza wana hoja. Kikosi kinabaki bila mzoefu wake, na gharama anabeba mlipa kodi. Tena cheti kikigeuka ngazi ya cheo, watu watasomea cheo. Hilo la mwisho si dogo.

Ila wengi hudhani Kunduchi wanafundishana kupigana. Tangu 2012 kanali anakaa pale na ofisa wa polisi, wa magereza, mtumishi mwandamizi wa wizara, na wageni kutoka majeshi mengine. Watandikie mezani ramani ya Ziwa Tanganyika. Kanali anaona doria na umbali. Wa uhamiaji anaona mama anayeshuka Kigoma na mtoto mgongoni, hana karatasi. Wa Hazina anauliza mafuta ya boti yatatoka fungu gani. Hapo hakuna wa kumwitikia kanali "ndiyo, afande". Itambidi ashawishi, na pengine akubali kushindwa kwa hoja.

Kazi yenyewe ndivyo ilivyo huko juu. Mwaka 2013, Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa mashariki mwa Kongo iliongozwa na Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Chini yake walikuwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa namna hiyo anapambana na waasi huku akielewana na jeshi la mwenyeji, maofisa raia wa Umoja wa Mataifa na serikali tatu zilizotoa vijana wao.

Halafu kuna Januari 1964, ambayo siwezi kuipita. Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito wakidai mishahara na maafisa Waafrika, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita askari wa Uingereza, mkoloni wa juzi tu, waje kuwanyang'anya silaha. Darasa peke yake lisingezuia yale. Lakini kambi na Ikulu zilikuwa hazijuani, na gharama yake tuliiona.

Kwa hiyo bajeti ikibana, ningeanza kukata ziara za mafunzo za nje. Kiti cha yule wa Hazina kisiguswe, na wizara isikijaze kwa mtu ambaye imekosa kazi ya kumpa.