Mwamba ngoma si mshauri wa kazi

Mwanafunzi wa miaka 16 akiuliza, "Nikimaliza hapa niende wapi?", mimi hutazama kwanza anayemjibu. Anapata nini akikubaliwa?

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Shule yenye madarasa ya juu inataka kubaki na vichwa vyake. Chuo kinachogawa vipeperushi na kalamu za bure kinatafuta ada. Mzazi naye ana ndoto zake. Si watu wabaya. Wengi wanaamini wanachokisema, na hapo ndipo kazi ilipo.

Uingereza walijaribu kulimaliza hili kwa sheria. Tangu Septemba 2012 shule zilibebeshwa wajibu wa kuhakikisha wanafunzi wanapata ushauri wa kazi usioegemea upande. Sawa. Lakini huko fedha za serikali humfuata mwanafunzi: akibaki shuleni baada ya miaka 16 zinabaki, akienda chuo cha ufundi zinaondoka naye. Sasa nani atamsindikiza mlangoni? Januari 2018 kikaanza kutumika kifungu kinachoitwa kwa jina la Kenneth Baker, waziri wa elimu wa zamani, kinachozitaka shule ziwaruhusu watu wa vyuo vya ufundi na uanagenzi waingie kuzungumza na wanafunzi. Shule nyingi zikakipuuza. Mwaka 2023 sheria ikakazwa, safari hii ikataja hadi idadi ya mikutano.

Kuna upendeleo mwingine usiohitaji hata fedha. Mshauri anafungua ripoti, anaangalia alama, basi: za juu udaktari au uhandisi, za chini ufundi. Hajamuuliza mtoto lolote. Ufundi umegeuzwa adhabu ya kufeli, na fundi umeme mzuri amepotelea kwenye udaktari asioutaka.

Wala simsifu yule anayesema "fuata moyo wako" akafunga faili. Huko ni kukwepa kazi. Kutoegemea upande ni kumwekea mwanafunzi njia zote mezani pamoja na gharama zake: miaka mingapi, ada kiasi gani, masomo gani yanahitajika, waliomaliza wameajiriwa wapi. Kisha kumbana kwa maswali. Unapenda biolojia, au unampenda mwalimu wa biolojia? Umewahi kumwona mhasibu akiwa kazini, au umesikia tu mshahara wake?

Na kabla ya hayo yote, mshauri aseme wazi nani anamlipa. Mwanafunzi wa miaka 16 anaweza kabisa kulipima jibu hilo mwenyewe.