Usiniambie Kilomita, Niambie Utashukia Wapi

Jumapili iliyopita, nyama ikiwa bado kwenye makaa, mjuaji mmoja alichukua simu ya shemeji yangu, akaivuta ramani kwa vidole viwili na kuamua safari ya watu watano. Shemeji ana karavani kuukuu, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, aliyouziwa na Mzungu aliyekuwa akihama Karen. Desemba anataka kulala Baringo siku kadhaa, kisha awapeleke watoto Iten wakawaone wanariadha wakifanya mazoezi alfajiri.

"Mbona urudi Nakuru?" mjuaji akauliza. "Kata hapa Marigat, panda Kabarnet, shuka Kerio, panda Tambach, uko Iten. Lami tupu. Na mandhari, bwana, utalia."

Atalia, sina shaka. Swali ni kama atalia akiwa ameegesha, au akiwa amekanyaga breki hadi mwisho na gari linazidi kwenda.

Nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba. Ukurasa huu ni wangu, kwa hiyo nitasema. Mtu anayechagua njia ya kuvuta karavani kwa kuhesabu kilomita hajui anachovuta. Hata anayehesabu milima ya kupanda hajafika mbali. Mlima ukikushinda kupanda, injini inachemka, unasimama kando, unafungua boneti, watoto wananunuliwa mahindi ya kuchoma, na mtafika mkichelewa. Mteremko ukikushinda, hakuna kusimama kando. Kwa hiyo usinitajie kilomita. Niambie utashukia wapi, mteremko wenyewe una urefu gani, na huko chini kuna nini: daraja, soko au kona.

Tuipime basi hiyo njia ya mjuaji. Marigat iko juu kidogo ya mita 1,000. Kabarnet ni kama 2,000. Chebloch, pale darajani kwenye mto Kerio ambapo vijana hujirusha korongoni watalii wakipiga picha, umerudi kwenye 1,100 hivi. Iten ni 2,400. Yaani unahangaika kupanda karibu mita 1,000, unazishuka karibu zote mara moja, halafu unaanza kupanda nyingine 1,300. Na mtu anaiita njia ya mkato.

Kazi iko kwenye kule kushuka. Chukua gari la tani 2 na karavani ya tani 1.2. Mzigo huo ukishuka mita 900 unazalisha joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji. Upepo utachukua sehemu. Injini itachukua sehemu, ikiwa una busara ya kukaa gia ya pili. Kinachobaki chote kinaishia kwenye breki, vyuma vichache ambavyo mara ya mwisho kukaguliwa ni siku gari lilipotoka bandarini Mombasa. Pedi zikipata moto kupita kiasi hazishiki. Mafuta ya breki yaliyozeeka yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukishaingia kwenye mabomba unakanyaga hewa. Hapo hata uwe umeendesha miaka thelathini, wewe ni abiria kama wengine.

Shemeji alijibu kwa fahari kwamba karavani yake ina breki zake. Ni kweli, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Breki za karavani nyingi za aina hiyo haziko chini ya mguu wako. Zinashika pale karavani inapolisukuma gari kwa nyuma, basi. Kwenye tambarare ni ubunifu mzuri sana: unapunguza mwendo, karavani inakusukuma kidogo, breki zake zinashika, mnasimama pamoja. Lakini kwenye mteremko mrefu inakusukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinasugua muda wote, hata wewe ukiwa hujagusa kanyagio na unajisifu kwamba unashuka kwa injini. Harufu ikikufikia, umeshachelewa. Dawa ni kuanza polepole tangu juu kabisa, kwa gia ndogo, na kusimama mara kwa mara breki zipoe. Kusimama wapi? Gari na karavani vikifuatana vinahitaji nafasi ndefu, na mahali penye nafasi ndefu kwenye barabara ya mlimani ni pachache, na papo hapo pana muuza asali na matatu inayosubiri abiria.

Sasa niseme haki, maana nitaambiwa namwonea mtu. Lami ni nzuri, hapo hakusema uongo. Malori ya maembe hupita Kerio kila msimu na mengi hufika. Na kupanda Tambach ni afadhali mara nyingi kuliko kuishuka. Lakini dereva wa lori la maembe anazijua kona zile kama vyumba vya nyumba yake, na lori lake halikatiki katikati. Karavani inakata kona kwa ndani, ukiisahau kidogo gurudumu lake liko mtaroni. Pikapu ikitokea mbele imekaa katikati ya barabara, itabidi mmoja arudi nyuma. Jaribu kurudisha karavani nyuma kwenye kona ya mlimani, klachi inanuka, mkeo amesimama barabarani akipunga leso, na mjuaji yuko Nairobi anakula nyama.

Halafu kuna hewa. Huko juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Iten utafika na robo tatu ya gari ulilonunua.

Njia ya Nakuru haina picha za kuwaringia watu. Unateremsha kioo, unavuka ikweta karibu na Mogotio, unapanda kidogo kidogo hadi Nakuru. Kisha Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, Timboroa kwenye baridi yake ya zaidi ya mita 2,700, Burnt Forest, Eldoret, Iten. Ni mzunguko, ndiyo. Lakini sehemu kubwa unapanda, na unaposhuka unashuka taratibu kwenye barabara pana.

Hatari ya huko si breki zako, ni magari ya wengine. Nani amesahau Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta na zaidi ya watu 100 waliokufa? Nani amesahau Migaa, alfajiri ya Desemba 31, 2017, watu 36? Na Londiani, Juni 2023, lori likawaingia wachuuzi na abiria kando ya barabara, zaidi ya 50 wakafa. Tunalia, tunachangisha, kisha wiki ya pili dereva anaweka fri (gia huru) pale juu ili abane mafuta, na lori zima linashuka likishikiliwa na breki peke yake. Kila nikisoma kuhusu eneo hilo namwona dereva ambaye hakutaka kuua mtu. Alitaka kuokoa lita chache. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko wazembe wa kweli, kwa sababu shemeji yangu naye si mzembe, ni mtu mzuri aliyeonyeshwa ramani na mtu anayejiamini.

Kwa hiyo Salgaa pita asubuhi, mchana mweupe, kaa kushoto, usishindane na mtu. Ukipanda, malori yenye kasi ya kutisha yako upande wa pili. Kurudi ndiko kwenye neno, maana sasa wewe ndiye unayeshuka na lori liko nyuma yako. Mimi ningekata Makutano, baada ya Timboroa, nishukie Eldama Ravine hadi Mogotio. Nako ni kushuka, sikatai, ila malori ni machache na hakuna anayekupigia honi uache kutumia gia ndogo.

Nairobi hadi Naivasha sitaki hata mjadala: njia ya juu, ya Kinungi. Ukungu upo, Soko Mjinga pana msongamano, utauziwa viazi usivyovihitaji, lakini barabara ni pana. Njia ya chini, ya Mai Mahiu, ni nyembamba, malori yanajikokota, matatu zinaovateki kwenye kona. Mateka wa Kiitaliano walioichonga barabara ile miaka ya 1940 waliacha kanisa dogo kando yake. Walijua watu wataihitaji sala.

Mengine hayana ubishi. Pakia vizito juu ya ekseli na mbele yake kidogo, kamwe si nyuma, la sivyo karavani itaanza kuyumba mkia na itakuvuta nayo. Tairi zilizokaa kwa Mzungu miaka kumi si mpya eti kwa sababu bado zina kashata, yale meno ya tairi. Usivute karavani usiku. Usivute mvua ikinyesha Bonde la Ufa. Baada ya mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024 sidhani kuna wa kuelezwa kwa nini.

Na mandhari? Hapo mjuaji aliwashinda wote mezani, maana hakuna baba anayetaka kuwanyima watoto Kerio. Si lazima awanyime. Karavani ibaki kambini Kampi ya Samaki, juu kidogo, siyo ufuoni ambako ziwa limekwisha kumeza kambi nzima nzima. Gari tupu lipande Kabarnet asubuhi. Wasimame wanapotaka, washuke Chebloch wawaone vijana wakijirusha, wanunue asali, warudi Baringo jua likiwa bado juu. Kesho yake wavute karavani kupitia Nakuru. Ni siku moja zaidi na tangi moja zaidi la mafuta. Nimemwambia shemeji tangi hilo nitalijaza mimi. Dada yangu amekubali kwa niaba yake.