"Ilisha kufa": neno ninalolikataa kwa fundi wa kompyuta

Kwa Kiswahili mtu ana njia nyingi za kuanguka. Anaumwa, anazidiwa, anazimia, anapoteza fahamu. Kufa kunakuja mwisho kabisa, na hata hapo kuna shangazi atakayesema tumwagieni maji kwanza. Kompyuta haina shangazi. Ikikataa kuwaka asubuhi moja tu, hapa Lubumbashi kila mtu anayo hukumu yake mdomoni: "Ilisha kufa."

Nimelichoka neno hilo, maana linapoteza kazi za watu.

Mwishoni mwa kiangazi, mtoto wa dada yangu alikuja kwangu Katuba na laptopu ameifunga ndani ya kitenge kama mtoto mgonjwa. Humo mlikuwa memwari yake ya chuo, yaani tasnifu yake, kurasa zaidi ya sabini, na zilikuwa zimebaki siku 12 aiwasilishe. Usiku kura, yaani umeme, ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Asubuhi alipobonyeza, taa ndogo iliwaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi. Alikuwa ameshapita kwa fundi mmoja wa karibu na soko. Fundi aliitazama kwa muda wa kumaliza soda, akasema: "Ilisha kufa, mama. Tutaiformati, dola 10, kesho unakuya kukamata." Na kazi iliyo ndani? "Ile itapotea, njo vile", yaani ndiyo hivyo. Kilichomwokoa ni kwamba hakuwa na hizo dola 10.

Tusimame hapo kidogo. Kuformati ni kufuta diski na kuweka Windows upya. Sasa mashini ambayo haijaonyesha hata ile alama ya kiwanda chake haijafika kwenye diski bado. Inapoamka inajipapasa kwanza: umeme upo? memori, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ipo? kioo kipo? Kazi hiyo inafanywa na programu ndogo inayokaa kwenye bodi yenyewe. Diski inaulizwa baadaye, Windows baadaye zaidi. Kuformati kwa ugonjwa wa namna hii ni kama mgeni amekwama getini, nawe unaingia chumbani kuchoma vitanda.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi, na la kujiuliza mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi, ni hili: imeishia wapi?

Kama hakuna hata taa, shaka ya kwanza iwe umeme. Kura tunayotumia inasafiri: nyingine inatoka kwenye mito ya Lufira na Lualaba, nyingine kwenye bwawa la Inga kule magharibi, kwa laini ya karibu kilomita 1,700 mpaka Kolwezi. Ikifika kwenye ralonji, waya wa kurefusha umeme, iliyounganishwa na ralonji nyingine chini ya kitanda, hakuna anayejua imebaki na nguvu gani, na inaporudi baada ya kukatika huweza kurudi kwa kishindo. Adapta ndiyo hupigwa kwanza. Jaribu soketi nyingine, azima adapta nyingine yenye volti zile zile (laptopu nyingi zinataka 19 au 20, imeandikwa mgongoni mwake). Kisha chomoa kila kitu, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa nusu dakika. Watu hunicheka nikisema hivi, wanadhani ni dawa ya mganga. Lakini bodi hubaki na chaji kidogo ndani yake, na mara nyingine chaji hiyo ndiyo inayoizuia isianze upya. Mimi mwenyewe nimeokoa mashini mbili kwa njia hiyo, na sikulipa mtu.

Kama taa ipo na feni inavuma lakini kioo ni cheusi, kama ya binti yetu, mulika tochi ya simu kwenye kioo kwa upande. Ukiona kivuli cha maandishi, mashini ni nzima, taa ya kioo ndiyo iliyozimika. Yeye hakuona kitu. Tukapanda taksi mpaka Kenya, komini (wilaya) ya mji wetu huu huu, kwa kijana mmoja anayefanyia kazi mezani nje ya duka la mjomba wake. Huyu hakusema imekufa. Alifungua mfuniko wa chini, akapuliza, likatoka vumbi letu jekundu la kiangazi kama unga wa matofali. Akachomoa kadi ya memori, akasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, taratibu, akairudisha mpaka ikalia "tak". Kioo kikawaka. Memwari ilikuwa imefungiwa nje na memori. Jina moja kwa Kifaransa, binti alicheka mpaka akalia.

Sisemi kuformati hakuna kazi. Mashini ikifika mpaka kwenye Windows ikabaki inazungusha vidoti siku nzima, mwisho wake huenda ukawa huo. Lakini hata hapo, faili zako hutolewa kwanza. Fundi anayejua kazi anawasha mashini kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine usioihitaji Windows, ananakili kila kitu, ndipo anafuta. Diski ikiwa inalia "ka-ka-ka", izime hapo hapo, kila dakika inayozunguka inaikwangua zaidi. Na mashini nyingi mpya zenye Windows hufunga diski kwa msimbo wa siri bila mwenyewe kujua. Siku ya shida zinadai ufunguo wa tarakimu 48. Uutafute leo, mashini ikiwa nzima, uuandike kwenye daftari.

Mafundi nao nawaelewa. Kuformati kunaonekana: mteja anaiona Windows mpya inang'aa, analipa bila kubishana. Nani kati yetu amewahi kumlipa fundi kwa sababu alitazama nusu saa na kufikiri? Yule kijana wa Kenya aliomba franga 5,000, na binti yetu alianza kubishana: "Kwa kufuta na gome tu?" (gome ndiyo ufutio). Nikamkanyaga mguu, nikalipa mimi.

Nyumbani, kabla ya kula bukari, ugali wetu, nikamwambia anakili kazi kwenye flashi mbili na pia ajitumie kwa barua pepe. Flashi zikakubali. Barua pepe ikakataa: kila ukurasa aliofungua ulimwambia si salama. Nikatazama pembeni ya kioo. Saa ya mashini ilisema tuko Januari 2012, maana ile betri ndogo ya duara, ya volti 3, inayotunza tarehe ilikuwa imeisha kitambo, na laptopu ilipotolewa umeme wote ilisahau mwaka. Usalama wa ukurasa hupimwa kwa tarehe, na tarehe ikiwa ya uongo kila ukurasa huonekana si salama.

Yeye alikuwa ameshaipa kisogo, simu sikioni, anampigia mwenzake:

"Ee bwana, sasa intaneti nayo ilisha kufa."