Januari hii tulipumzika Mwanza, hatukwenda Kanari

Mimi na mume wangu tumekaa siku 6 kando ya ziwa, Mwanza, bila msiba, bila harusi, bila kikao cha ukoo. Tumepumzika tu. Tumeishi Uswidi miaka 14 na hii ndiyo mara ya kwanza kufanya hivyo nyumbani, na maneno tuliyosemwa ni mengi, kwa hiyo acha na mimi niseme ya kwangu.

Stockholm mwezi wa Desemba jua linachomoza saa 3 kasoro robo asubuhi, na haijafika saa 9 alasiri limeshazama. Mimi nahudumia wazee. Naingia kazini giza, natoka giza. Zinapita siku jua naliona kupitia dirisha la chumba cha bibi mmoja ninayemwogesha, basi. Wenyeji wenyewe hawaliwezi giza hilo. Mwaka mpya ukiingia, wenzangu kazini wanahesabu siku za kwenda Gran Canaria, kimoja cha visiwa vya Kanari vya Hispania, au Thailand, wanandoa wawili wawili, watoto wanaachwa kwa bibi zao. Sheria yao inampa mfanyakazi siku 25 za likizo kwa mwaka, na mtu anazichukua kama anavyochukua mshahara wake. Mwanamke akisema anakwenda na mumewe kulala juani wiki nzima, hakuna shangazi wa kumuuliza kwani kuna nini nyumbani kwake.

Miaka mitatu iliyopita tukawaiga. Tukaenda Maspalomas, huko huko Gran Canaria, kwenye vile vilima vya mchanga vinavyoshuka hadi baharini. Joto nyuzi 21, upepo kidogo, kazi yako ni kugeuka tu ubavu huu na ule. Sitaisema vibaya safari ile, ilitufaa sana. Mume wangu anaendesha basi zamu za usiku, na mgongo wake ulianza kulegea siku ya tatu. Tukazungumza mambo ambayo hatukuwahi kuyakalia chini tangu mtoto wa pili azaliwe. Lakini siku ya nne, tumelala kwenye vitanda tulivyokodi, akaniuliza taratibu, "Mama watoto, hivi sisi watu wa Mwanza tumelipa hela yote hii tukae karibu na maji?"

Swali hilo lilikaa na mimi hadi mwaka jana.

Ukweli ni kwamba nyumbani hatujawahi kwenda kupumzika. Tulikwenda kuzika, kuoza, kukagua kiwanja, kumaliza ugomvi wa mipaka. Mwaka 2019 tulikaa wiki tatu, na katika wiki hizo tatu mimi na mume wangu tulilala chumba kimoja usiku nne tu. Yeye alikuwa Sengerema kwao, mimi Igogo kwetu, Mwanza mjini, kila mmoja na foleni ya wageni kuanzia alfajiri. Silalamiki kuhusu wageni, wale ni watu wangu, na shida zao nazijua kwa majina. Ninachosema ni kwamba tulirudi kubeba boksi tukiwa tumechoka kuliko tulivyoondoka, na hasira zote tukamalizana nazo sisi kwa sisi, jikoni, kwenye baridi.

Safari hii tukaamua siku 6 za kwanza ni za kwetu, wiki mbili zinazobaki ni za ndugu. Mama nilimpigia mapema ili asije akasikia kwa watu. Alinyamaza, halafu akasema, "Mtalala hotelini na nyumba ipo? Watu si watasema nimewafukuza?" Nilimwelewa, na iliniuma. Kwetu mtoto anayepita mlango wa mama yake akaenda kulala kwingine ana lake jambo. Nilimwambia, "Mama, tunakuja kwako, tena tunakaa. Ila tukifika tumechoka hivi hutatuona vizuri." Hakukubali, hakukataa. Alisema tu, "Haya, safari njema."

Tulikaa upande wa Ilemela, sehemu yenye miamba inayoingia majini. Wasiofika wajue ziwa lile liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana joto la mchana la nyuzi 28 halikubani kama la Dar, na usiku unatafuta shuka. Asubuhi pimbi wanatoka kwenye nyufa za mawe na kujianika, wametulia kabisa, mnaota jua pamoja. Mitumbwi ya dagaa inarudi saa hizo hizo. Siku ya kwanza mzee mmoja alipita anavuta wavu, akatusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Mume wangu akamjibu, wakaulizana mhola, mhola duhu, nikamwona mume wangu anafuta macho. Kanari tulihudumiwa kwa adabu siku 7 na hakuna aliyetusalimia kwa lugha ya mama zetu.

Tulibahatika pia kuwa ilikuwa siku za giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, maana taa haziwavuti dagaa. Mwezi ukizama ndipo ziwa linawaka. Tulikuwa tunakaa kibarazani usiku tunahesabu taa mpaka zinachanganyika, kama mji mwingine umehamia juu ya maji. Sisi tumekulia kwenye taa hizo, lakini utotoni ukiwa nje saa hizo unatafutwa kwa fimbo.

Na sato. Nimekulia kwenye mapanki, wenzangu wa rika langu mnajua, yale mafupa na kichwa cha sangara yanayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa ipelekwe Ulaya. Mama aliyakaanga vizuri, hatukulala njaa. Lakini nilipoletewa sato mzima wa kuchoma, pilipili pembeni, ugali wa muhogo unatoa moshi, nikakumbuka mama anavyotugawia nyama ya shavuni kwa zamu. Nilimla polepole mpaka mhudumu akaja kuuliza kama hakuiva.

Tusidanganyane, si kila kitu kilikuwa sawa. Ziwani hatukuogelea. Kichocho kipo, kinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, penye majani, palepale mtu anapotamani kuingiza miguu. Tuliogelea kwenye bwawa la hoteli, na hapo Kanari walitushinda, kule mtu anajitupa baharini bila kuwaza. Chupa za plastiki nazo, kila mawimbi yakija yanaleta nyingine. Vijana wa hoteli waliokota asubuhi, na jioni zimerudi.

Lakini lililonikera zaidi ni uzio. Siku ya pili watoto watatu walikuja na ndoana zao kwenye jiwe lililo mbele yetu, mlinzi akawatimua kama mbwa. Nilipomuuliza akasema eneo ni la wageni. Mgeni ni nani? Mimi nilivua furu kwenye mawe kama yale nikiwa na umri wao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na pale ukuta ulishuka hadi kwenye maji. Maspalomas, pamoja na utalii wote ule, ufukwe unapita mtu yeyote, mwenye hoteli na asiye nayo. Kama Mwanza tunataka kuwaita watu wapumzike, tusianze kwa kuwafukuza wenye ziwa.

Siku ya tatu tulivuka kwa boti kwenda Saanane. Ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2 na kitu, imepewa hadhi hiyo 2013. Shule yetu iliwahi kutupeleka, wakati huo nilichoona ni mgongo wa mwenzangu kwenye foleni. Safari hii tulipanda hadi juu ya mawe, tukakaa, mji mzima uko mbele yetu na nyumba zake zimening'inia vilimani. Mume wangu alinionyesha paa la kwetu. Sijui kama lilikuwa lenyewe.

Kuhusu hela, kwa sababu ndilo swali la kwanza mnaloniuliza. Nauli ya Mwanza ni kubwa, ilizidi ya Kanari mara mbili na zaidi. Lakini hela ya Kanari tuliilipa yote kwa kampuni ya safari kabla hatujapanda ndege. Ya Mwanza niliiona ikienda kwa kijana wa boti, kwa bodaboda, kwa mama anayeuza sato Mwaloni Kirumba ambaye alinifungia mmoja wa nyongeza kwenye gazeti. Wenzangu mlio ughaibuni, mnaotuma hela kila mwezi na kwenda kulala juani Hispania, naomba mlifikirie hili. Na ninyi ndugu zetu mliobaki, mke na mume wakiomba siku chache za peke yao, msiwahesabie dharau.

Siku ya tano mume wangu alimfuata mama Igogo kwa chakula cha mchana. Alikuja na khanga zake mpya na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akakataa kiti, akakaa kwenye jiwe. Alikaa pale karibu saa nzima hajasema kitu, anaangalia tu. Halafu akasema, "Maji haya nimeyabeba kichwani tangu niolewe. Sijawahi kuyakalia."

Jua lilipoanza kushuka mume wangu akauliza, "Mama, nikurudishe kabla giza halijaingia?" Mama akatoa simu, akampigia mdogo wangu. "Wafungie kuku," akamwambia. "Leo silali nyumbani." Mume wangu akanyanyuka kwenda mapokezi kuuliza chumba cha pili.