Leseni ya mkufunzi wa mbwa: apimwe mtu au mnyama?

Tangu Agosti 1, 2014, anayefundisha mbwa kwa malipo nchini Ujerumani haruhusiwi kuanza kazi bila kibali cha ofisi ya mifugo ya wilaya yake. Kifungu cha 11 cha sheria ya ustawi wa wanyama kinamtaka athibitishe kwamba ana ujuzi. Marekani mambo ni kinyume. Mtengenezaji nywele wa saluni atadaiwa leseni katika kila jimbo, lakini anayejitangaza kumrekebisha mbwa mkali mwenye meno 42 anaweza kuanza leo jioni. Kuna cheti cha hiari cha CCPDT, baraza la kuthibitisha wakufunzi wa mbwa, lililoundwa mwaka 2001, ambalo hutaka walau saa 300 za kufundisha kabla ya mtihani. Asiyekuwa nacho hazuiwi na mtu.

Hoja ya Wajerumani ina uzito kwa sababu mteja hapa haoni anachonunua. Mbwa aliyetiwa hofu hutulia mbele ya mkufunzi, mwenye mbwa akafurahi na kulipa. Miezi baadaye mbwa yuleyule anamng'ata mtoto bila hata kunguruma, kwa kuwa alikwisha kuadhibiwa kwa kunguruma. Kufikia hapo hakuna wa kumrudishia mkufunzi lawama, na mbwa hana pa kushtaki.

Kibali chenyewe, hata hivyo, kina matatizo. Sheria haikuweka mtihani mmoja wa nchi nzima, hivyo cheti kinachokubaliwa wilaya hii kinaweza kukataliwa wilaya jirani. Walioifanya kazi hiyo miaka mingi nao walitakiwa kujithibitisha upya, na baadhi ya migogoro ikaishia mahakamani. Tena wakufunzi wenyewe hawaelewani: wengine wanafundisha kwa zawadi tu, wengine wanasema adhabu ina mahali pake. Ofisa anayetoa kibali anageuka mwamuzi wa ubishi huo, akiwa ndani ya chumba kimoja na mwombaji mmoja. Mimi naona heri ubishi wa namna hiyo umalizwe hadharani. Ujerumani imeweza: mwaka 2006 mahakama yake ya juu ya utawala iliamua kwamba mikanda ya shingoni inayopiga shoti ni marufuku katika mafunzo, na tangu Januari 2022 mikanda ya miiba nayo imepigwa marufuku. Katazo la namna hiyo linamhusu kila mtu, awe na kibali au hana.

Morogoro kuna njia nyingine. Shirika la APOPO, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Kabla ya kuingia kazini, panya hupimwa kwenye uwanja wenye mabomu ambayo mkufunzi hajui yalipofukiwa. Akikosa, haingii kazini mpaka afaulu. Panya Magawa, aliyefuzu huko na kutunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020, alipita mlango huohuo.

Mbwa wa nyumbani hana uwanja kama huo, nakubali. Bado mkufunzi anaweza kupimwa akiwa na mbwa asiyemjua, mbele ya watahini wawili wasio wa wilaya yake, badala ya kujaza karatasi kuhusu nadharia za tabia. Kama Ujerumani ingeanza na hilo, kwa mtihani mmoja nchi nzima, ningeunga mkono kibali bila kusita. Kwa sasa naunga mkono makatazo kwanza, kibali baadaye.