Goethe alilala siku chache tu, akawekewa kibao

Jana hapa Tübingen, Ujerumani, nimelipishwa senti 50 za ziada kisa kahawa yangu imewekwa kwenye kikombe cha karatasi. Ni tozo ya mji wenyewe, ipo tangu 2022. Nimeudhika kweli, nikaenda kukaa kwenye ngazi za kanisa kubwa nakunywa, mara macho yakatua kwenye nyumba ya ng'ambo ya kichochoro. Ina kibao: Goethe aliishi hapa. Aliishi wapi jamani, huyo mwandishi mkubwa wa Wajerumani alikuwa mgeni wa mchapishaji wake, akalala siku chache mwezi wa 9 mwaka 1797 akaondoka, na mpaka leo watu wanasimama pale wanapiga picha!

Nikaikumbuka Old Moshi, kule juu ya mji wa Moshi, nikaumia. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, kanyongwa pale tarehe 2/3/1900 na Wajerumani, yeye na viongozi wenzake, mti alionyongwa upo, ukoo mpaka leo wanakitafuta kichwa chake huku Ujerumani, na 2023 watafiti wa Berlin wakatangaza kwamba baadhi ya mafuvu yaliyobebwa kutoka Kilimanjaro yamepatiwa ndugu walio hai. Sasa mtalii wetu anashuka uwanja wa ndege wa KIA, analala usiku mmoja mjini, asubuhi yuko geti la Machame kupanda mlima, siku sita saba anashuka na cheti chake, kesho yake Ngorongoro. Moshi kwake ni kitanda na maji ya moto.

Najua mtakavyosema, "huyu kafika Ulaya juzi anatufundisha." Mimi ni wa Kiboriloni kule Moshi, mbege, pombe yetu ya ndizi, nimeijua kabla ya soda, na mifuko ya plastiki sisi tumeipiga marufuku tangu Juni 2019 bila kufundishwa na mtu, kwa hiyo sisemi wenzetu wana akili kuliko sisi. Nasema kitu kidogo walichonacho wanakishika, sisi kikubwa tunakipita na Noah.

Halafu hii miji miwili, Tübingen na Moshi, ni marafiki rasmi tangu 2014! Basi urafiki ufike Old Moshi. Wajerumani waliokuja kwetu waliandika barua, wakapiga picha, wakachora ramani, vitu hivyo vimehifadhiwa huku, na wazee wetu nao wana simulizi zao, viwekwe pamoja palepale kwenye ule mti, na wale vijana wachache wanaotembeza wageni huko juu wapewe nguvu, mgeni akae Moshi siku mbili zaidi, hela ya chakula na ya kulala ibaki kwa mama wa kihambani.

Na wewe unayeniambia mzungu anataka mlima tu, likizo iliyopita nilimpeleka pale mwenzangu wa kazini. Alikaa chini ya ule mti karibu saa nzima, mzee mmoja anasimulia, mimi natafsiri. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi kabisa nyuma yake na hakugeuka kuitazama.