Mvua ya mawe haina dawa

Baba yangu mdogo analima viazi Isyonje, huko juu kwenye baridi ya milima ya Uporoto, Mbeya. Mvua zikianza anabeba bomba mgongoni na kupiga dawa ya ukungu kila wiki, wala sijawahi kumsikia akisali kwa ajili ya ukungu. Mvua ya mawe ndiyo anayoiombea. Na bei. Dalali akifika akadai lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, mzee hunong'ona kitu ambacho sina hakika kama ni sala.

Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliona jambo la namna hiyo mbali sana na Mbeya, katika visiwa vya Trobriand, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wavuvi wa maji tulivu ya karibu walitegemea ujuzi wao tu. Waliokwenda bahari kuu hawakuondoka bila uganga. Vijana ninaobishana nao wanaipenda hoja hiyo: dini huanzia pale mikono inapoishia. Leta bima ya mazao, hospitali nzuri na mshahara wa uhakika, uone kama makanisa hayatapungua watu. Humtaja na Karl Marx, aliyeiita dini afyuni ya watu mwaka 1844, ila husahau kwamba papo hapo aliiita pia kite cha aliyeonewa.

Hoja ina nguvu. Lakini ingekuwa hofu ya njaa tu, wenye mishahara tusingewaona kanisani. Nina rafiki hapa mjini, mwalimu wa fizikia. Haamini, na aliniambia hivyo tukiwa wawili tu. Hata hivyo jumuiya ya kanisa haikosi, na mchango wake haulali. Nilimwita mnafiki. Akacheka: "Nikifa, nani atakuja kunizika?" Anajua anachosema. Mtaani kwetu, asiyeonekana jumuiya akifiwa, minong'ono huanza kabla turubai halijafungwa: ibada ataongoza nani, kwaya ipi itaimba, mbona katekista hajafika? Unafiki wake nimeshausamehe.

Sasa kama haja yenyewe ni watu, si kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kingetosha? Kikoba nacho kina rambirambi, masufuria na viti. Nilikaa kwenye msiba wa mtoto mdogo kule Tukuyu. Wanakikoba walikuja mapema, wakachanga, wakapika ndizi, wakaosha vyombo hadi usiku. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kumwambia yule mama kwamba atamwona tena mwanawe. Mchungaji alimwambia. Kama ni kweli, mimi siwezi kuthibitisha. Nilichokiona ni mama kuinua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hapo ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Mmoja anasema: kwa kuwa watu wanamhitaji Mungu, basi wamemtunga. Mwingine anasema: kwa kuwa wanamhitaji, basi yupo. Tumbo likinguruma halikuambii chunguni kuna nini. Halikuambii hata kama ni kitupu.

Na tumbo hilo linaweza kulishwa chochote. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale yalitoka Ngarambe, yakasambaa hadi Ubena, na Wabena wakaivamia misheni ya Yakobi, Njombe, kwa imani kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hazikugeuka, na njaa iliyofuata iliua wengi mno. Watu wanapenda kuishia hapo na kutikisa kichwa. Lakini imani hiyohiyo iliwaunganisha Wamatumbi, Wangoni na wengine wengi ambao hawakuwa na mtawala mmoja wala lugha moja. Anayewacheka leo anieleze kwanza ni nini kingine kingewaunganisha.

Msimu uliopita mvua ya mawe ilishuka Isyonje, ikalaza karibu nusu ya shamba la baba mdogo. Kwa hesabu za vijana wangu, hapo angeachana na kusali, maana biashara imegoma. Jumapili ya mavuno nikamkuta anafunga debe la viazi kwenye baiskeli, sadaka. Nikamuuliza anashukuru nini.

"Hivi vilivyobaki, mwanangu, unadhani nimevikinga mimi?"

Kisha akaniambia nishike baiskeli, kamba imelegea.